Akiba haiozi? Feza ya Noeli na Bonane katika Punia

Methali inasema: akiba haiozi. Tunaifundisha masomoni, watoto wanaiandika katika daftari, na hakuna anayeuliza kitu. Lakini mtu aliyezaliwa Punia mbele ya mwaka 1970 akiisikia anaweza kucheka kidogo, juu yeye aliona akiba ikioza mbele ya macho yake, na si mara moja. Katika kurasa hizi tunataka kufuata historia ya desturi moja tu: kuweka feza pole pole, kutoka Januari mpaka Desemba, ili Noeli na Bonane zisimkute mtu mikono mitupu.

Desturi hii wengi wanaidharau. Wahubiri wanasema ni feza ya tumbo, maagronome wanasema ingenunua majembe, na sisi walimu pia tunasemaga kwamba ingefaa kulipa masomo kwanza. Tunamwomba msomaji avumilie mbele ya kuhukumu. Kwa maoni yetu, sikukuu ndiyo iliyowafundisha watu wa huku kuweka, na tena ndiyo iliyowachunga wale waliowekewa.

Kwanza, kukusanya kwa ajili ya sherehe hakukuletwa na wazungu. Kwa Walega, mtu aliyetaka kuingia katika bwami, ao kupanda kutoka ngazi moja hadi ingine, hakuamka asubuhi moja na kuingia. Alipaswa kukusanya musanga, ile feza ya zamani ya vipande vya magamba ya konokono vilivyotungwa kwenye kamba, pamoja na mbuzi, nyama, chumvi na vitu vingine. Vyote hivyo viligawanywa na kuliwa katika siku za sherehe. Kwa ngazi za juu, zaidi sana ile ya kindi, kazi hiyo iliomba miaka. Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyefanya utafiti kati ya Walega katika miaka ya 1950, aliyaeleza kwa urefu katika kitabu chake Lega Culture cha 1973. Kwa Wakumu vilevile, gandja, yaani sherehe ya kutahiri vijana, haikuwezekana kama jamaa hazikutayarisha chakula mbele.

Hapa tunataka msomaji ashike neno moja. Mtu wa bwami hakuficha mali yake yote chini ya kitanda. Aliiweka ndani ya watu. Alimsaidia mjomba leo, alimpa shemeji mbuzi mwaka kesho, na siku yake ilipofika aliwaita wote, nao walikuja na vyao. Akiba yake ilikuwa deni la wengine, na sherehe ilikuwa siku ya kulipwa. Serikali ya kikoloni iliivunja bwami kwa sheria mwaka 1948. Haikufa, lakini wakati ule vijana wengi walikuwa wamekwisha kujua namna ingine ya kupata mali.

Namna hiyo ilikuwa mgodi. Kutoka miaka ya 1930 kampuni ya Symétain ilichimba kasiterite katika Kalima upande wa kusini, na hapa Punia upande wa kaskazini. Kambi za wafanyakazi zilileta mshahara wa mwisho wa mwezi, posho, duka, na kalenda ya ukutani. Misioni zilileta Noeli. Neno Bonane lenyewe ni Kifaransa kilichopita katika vinywa vyetu kikatoka na sura mpya. Sherehe haikutegemea tena siku mtu alipokuwa tayari, sawa katika bwami. Sasa ilikuja yenyewe, kwa tarehe, uwe tayari ao usiwe. Baba alipaswa kuvalisha watoto, kununulia mama kikwembe, kupika muchele na nyama, na kupokea wageni. Kwa mshahara wa Desemba peke yake hakuweza. Njo pale watu walianza kuweka katika kopo.

Mahali pa kuweka palikuwa pachache. Sanduku la akiba la serikali, lile ambalo leo tunaliita CADECO, liliundwa mwaka 1950, lakini kwa mtu wa kijiji lilikuwa neno la mjini. Wengine walimwachia mwenye duka, wengine walimwomba padri, na wengi walitumia kopo ya maziwa iliyozibwa na kufukiwa ndani ya nyumba. Kopo haikuwa ujinga. Mwaka 1967 zaire ilipotoka, zaire 1 ilikuwa na thamani ya dola 2 za Marekani. Feza ya namna hiyo ukiifukia Machi, Desemba ungali unaikuta na nguvu yake, ao karibu yote. Mwaka 1976 Symétain na kampuni zingine za migodi ziliunganishwa kuwa SOMINKI, na wafanyakazi wakaendelea na makopo yao.

Sasa tunafika mwaka 1979, na hapa inafaa tukae kidogo.

Mwaka 1974 Leta ya Mobutu ilikuwa imekwisha kuondoa Noeli katika orodha ya siku za mapumziko. Watu waliendelea kusali na kula, kila mtu kwake. Miaka mitano kisha, tarehe 25 Desemba 1979, siku ya Noeli yenyewe, ilitangazwa kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10 hazina kazi tena. Hizo ndizo zilikuwa noti kubwa za nchi. Ilipaswa kuzibadilisha kwa zile mpya katika siku chache, na kwa kiasi kilichopangwa. Leta ilisema inataka kupunguza feza iliyozidi katika nchi na kuwapiga wale wanaofanya magendo ya noti.

Fikiri, ndugu msomaji, maana ya tangazo lile kwa mtu wa Punia. Kutoka hapa mpaka Kindu ni zaidi ya kilomita 200 za barabara, na Kisangani ao Bukavu ni mbali kupita. Noti mpya hazikutosha hata katika miji mikubwa. Katika sehemu nyingi za Zaire, wenye motokari na wenye kujuana na watu wa benki walizunguka wakinunua noti za zamani kwa bei ya chini, na mwenye noti alikubali, kwani kesho yake zingekuwa karatasi ya kufungia karanga. Na nani alikuwa na noti kubwa nyumbani siku ile? Si mlevi. Mlevi hakuwa na kitu tangu zamani. Aliyepoteza ni yule aliyeweka mwaka mzima: aliyekuwa amekula sehemu ya Noeli na kubakiza ya Bonane, ya harusi, ya kununua baiskeli. Aliyetumia feza yake yote tarehe 24 alikuwa mwenye akili kuliko wote.

Hatujui somo lingine lililofundishwa kwa nguvu namna hiyo katika nchi yetu, na lilikuwa somo la kinyume. Linaeleza mambo mengi ambayo wageni wanatulaumu. Mgeni akiona mchimbaji wa Punia anapata feza Ijumaa na kuimaliza Jumapili, anasema hawa watu hawajui kuweka. Tungependa amuulize babu wa mchimbaji yule.

Yaliyofuata yalikaza somo. Oktoba 1985 soko la bati katika London lilianguka, na SOMINKI, iliyotegemea kasiterite, haikusimama vizuri tena mpaka ilipovunjwa mwaka 1997. Mwaka 1991 Bindo na wengine katika Kinshasa, waliokuwa wakipokea feza za watu na kuahidi kuzirudisha zimezaa mara nyingi, walianguka na akiba za watu wengi. Mwisho wa 1992 ilitoka noti ya milioni 5, ambayo wafanyabiashara wengi waliikataa. Askari waliolipwa kwayo walipora Kinshasa Januari 1993. Oktoba 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani, na katika mwaka 1994 bei zilipanda zaidi ya mara 90. Katika hali ile kopo ya maziwa haikuwa na maana yoyote. Kuweka noti kutoka Januari mpaka Desemba ilikuwa sawa kuweka barafu katika kikapu.

Basi watu waliacha kuweka? Hapana. Waliacha kuweka noti. Walirudi kwa vitu, na kisha kwa watu.

Kati ya vitu, kuku alikuwa wa kwanza. Vifaranga wa Mei ni jogoo wa Noeli, kama ugonjwa wa kuku haukupita. Ukipita, unafagia kijiji kizima katika juma moja. Mbuzi ana nguvu zaidi, lakini mbuzi ana sauti, na hilo lilikuja kuwa shida kubwa. Kutoka 1998, vita ilipofika Maniema, kila mwenye bunduki alijua kwamba mbele ya sikukuu mbuzi wako wapi. Wenyeji wa hapa hawahitaji tuwaeleze. Kitu kilichoshinda vyote ni kikwembe. Mama aliyeuza mafuta ya mawese ao muchele alinunua kikwembe cha wax Juni, akakikunja katika valizi bila kukishona, na Desemba akachagua: ama kukivaa, ama kukiuza na kununua chakula. Kikwembe hakifi, hakilii usiku, bei yake inafuata dola, na ukilazimika kukimbilia msituni unakibeba kichwani. Sisi wanaume tulikuwa tunacheka masanduku ya mama zetu yaliyojaa vitambaa visivyovaliwa. Ilikuwa benki.

Kuhusu kurudi kwa watu, jina lake ni likelemba. Wakongo wa Bas-Congo wana kitemo chao, Kinshasa wamama walikuwa na moziki, na karibu kila pembe ya Afrika ina jina lake. Utaratibu tunaujua wote. Tuseme wamama 12 wa soko. Kila mwezi kila mmoja anatoa franga 5000, na mmoja anapokea zote 60 000. Mwezi unaofuata ni zamu ya mwingine. Feza haikai mahali popote, basi haina nafasi ya kuoza. Asubuhi inakusanywa, saa sita imekwisha kuwa gunia la muchele. Kwa nchi ambayo noti inaweza kufa usiku mmoja, tunaona haikuvumbuliwa akili kubwa kuliko hiyo.

Lakini likelemba ina ugomvi wake, na ugomvi huo unaitwa Desemba. Kila mtu anaitaka zamu ya Desemba, na kila mtu anaiogopa. Anaitaka juu ya Noeli. Anaiogopa juu ya wa mwisho: wale 11 wamekwisha kula, na kama wawili wamehama ao wanasema biashara imekufa, yeye ndiye anayepata 50 000. Vikundi vingine vinapiga kura. Vingine vinampa Desemba mama mkubwa wa kikundi, yule ambaye hakuna anayethubutu kukwepa macho yake kanisani. Tumeona urafiki wa miaka ukivunjika juu ya mwezi huo mmoja. Na hata ikienda vizuri, anafurahi mmoja, wengine 11 wanafanya Noeli na mikono yao wenyewe.

Ni pale AVEC iliposaidia. Jina ni la Kifaransa, ushirika wa kijiji wa akiba na mikopo. Namna hiyo ilianza Niger, sehemu ya Maradi, mwaka 1991 pamoja na shirika la CARE, na baada ya vita ilienea mashariki mwa nchi yetu. Watu 15 mpaka 25 ao zaidi kidogo wanakutana kila juma. Kila mmoja ananunua sehemu, kutoka moja hadi tano, na kila sehemu inapigwa muhuri katika kitabu chake, hata asiyejua kusoma anahesabu mihuri. Feza inakaa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo tatu ziko kwa watu watatu, na mwenye kulinda sanduku hana hata mmoja. Wanakopeshana kwa faida kidogo, wanaweka pembeni feza ya magonjwa na matanga, na baada ya miezi 9 ao 12 wanafungua, wanagawa yote kufuatana na mihuri, na sanduku linabaki tupu.

Kitabu cha mafundisho hakisemi kwamba lazima kufungua Desemba. Vikundi vyenyewe ndivyo vinavyochagua, na vingi vinachagua katikati ya Desemba. Juu ya nini? Jibu la haraka ni kwamba wanataka kula. Tunaomba tuongeze jibu lingine. Kufuli tatu zinamzuia mwizi wa nje. Yule wa ndani, yaani kiongozi anayekopa kwa siri, ao mume mwenye neno kubwa anayesema «feza iko, subirini», anazuiwa na tarehe. Noeli haiahirishwi. Mtoto anaijua, mama mkwe anaijua, jirani asiye mwanakikundi anaijua. Kama tarehe 20 sanduku halijafunguliwa, kijiji kizima kinauliza. Mwenye kuwekewa hana pa kujificha. Ni ile siku ya bwami tuliyoisema juu, siku ambayo wote wanaitwa na kila mmoja anakuja na chake, isipokuwa sasa inafika kila mwaka kwa wakati mmoja kwa wote.

Na tusidhani hii ni shida ya Waafrika peke yao. Katika Marekani, mwaka 1909, benki moja ya mji mdogo wa Carlisle, katika Pennsylvania, ilianzisha akaunti za Noeli: mtu anaweka kidogo kila juma, anarudishiwa yote mbele ya sikukuu, na namna hiyo ikaenea katika benki nyingi za kule. Na katika Uingereza, nchi yenye benki kila pembe, kampuni ya Farepak iliyokuwa ikipokea akiba za Noeli za watu wadogo ilianguka Oktoba 2006, na watu zaidi ya laki moja wakabaki bila vikapu vya vyakula wala hati za kununulia walizolipia mwaka mzima. Ilikuwa miezi miwili tu mbele ya Noeli. Wale waliweka kwa kampuni wasiyoijua uso. Mama wa AVEC anaweza angalau kwenda kukaa mlangoni mwa mwenye sanduku.

Hata hivyo sanduku halishindi kila kitu. Septemba 2010 Rais Kabila alisimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema, na kazi ilifunguliwa tena Machi 2011 tu. Noeli ya 2010 ilianguka katikati kabisa. Huku kwetu mgodi ndio unaonunua mihogo, unaolipa pikipiki, unaompa mama wa soko faida yake. Mkopo uliotolewa Agosti kwa mchimbaji haukuwa na namna ya kurudi Desemba, na kufuli hata kumi zisingesaidia. Wachimbaji walioacha feza yao mikononi mwa wanunuzi wa madini, sawa wengi wanavyofanya, walijifunza tena jambo la 1979 kwa njia ingine.

Kuna pia franga yenyewe. Franga ya Kongo ilikuja Juni 1998, na kwa miaka kadhaa kabla ya 2016 ilitulia. Mwanzoni mwa 2016 dola 1 ilikuwa chini kidogo ya franga 1000. Mwisho wa 2017 ilikaribia 1600. Mtu aliyepiga mihuri yake kila juma bila kukosa alipokea hesabu kamili na kununua kidogo kuliko alichotarajia, kwani vitu vya dukani vinakuja kwa ndege ao kwa pikipiki kutoka mbali na vinafuata dola. Wengine wakasema: tuweke dola. Lakini dola katika msitu wetu ina ugonjwa wake. Ikipasuka kidogo pembeni, ao ikipata ukungu ndani ya sanduku, mfanyabiashara anaikataa, na mwenye nayo anabaki anaitazama. Kuhusu M-Pesa na Airtel Money, zilizoingia nchini mwaka 2012, zinafaa pale mtandao uko na pale ajenti ana feza taslimu mkononi. Juma la Noeli ajenti huyo ndiye wa kwanza kuishiwa. Vikundi vyenye akili vimerudi kwa desturi ya mama zetu: Agosti ao Septemba vinatoa sehemu ya feza na kununua vikwembe ao muchele kwa jumla, mbele bei haijapanda.

Tulisema tutarudi kwa masomo. Kila mwaka walimu na wazazi wanapendekeza sanduku lifunguliwe mwisho wa Agosti, kwa ajili ya kurudi masomoni Septemba. Tangu 2019 masomo ya msingi ya serikali ni bure, lakini ya sekondari yanalipwa, na sare na daftari pia. Sisi wenyewe tungefaidika. Lakini tukitazama historia tuliyoieleza, tunaogopa. Masomo si siku moja ya wote: huyu ana watoto sita, yule hana, mwingine wake wamekwisha kumaliza. Tarehe ambayo si ya wote ni rahisi kuisukuma mbele juma moja, kisha mwezi. Tunaona afadhali sanduku la pili, dogo, la masomo, sawa vikundi vingine vimekwisha kufanya, na lile kubwa libaki na Noeli.

Linabaki swali la ndugu zetu Waislamu, ambao si wachache katika Maniema, kutoka Kasongo mpaka Kindu, na hata hapa Punia wako katika vikundi pamoja nasi. Mwaka wao una siku 354 ao 355, basi Idi inarudi nyuma karibu siku 11 kila mwaka, na kikundi cha miezi 12 hakiwezi kuifuata. Vikundi vilivyochanganyika vinatafuta namna: Mwislamu anachukua mkopo kwa Idi na kuulipa kwa mihuri yake Desemba, ao kikundi kinafungua mara mbili. Kwa hesabu ya mwezi, mwaka 2033 Idi el-Fitri itaanguka mara mbili, mara ya kwanza mwanzoni mwa Januari na mara ya pili siku moja ao mbili mbele ya Noeli. Mwaka ule sanduku moja na tarehe moja vitatosha wote.